Pizza ya Kukaanga Aliyoionja Mama

Nyinyi wanangu na wajukuu zangu mlioko majikoni, mnaovaa kofia nyeupe ndefu na kuitwa mashefu, leo nataka kukupeni habari ya pizza. Msicheke. Najua mnazijua. Mmezikuta zimejaa Forodhani, kijana anachapua chapati yake juu ya chuma, anatia nyama na yai, anakunja, anauza kwa jina la pizza, na Wazungu wamepanga foleni. Kila mgeni akija kwangu huniuliza, "Bibi, hii pizza ya Unguja nani aliianza?" Mimi humjibu kuwa sijui, na kweli sijui. Ninachokijua ni kwamba nilikaanga pizza Mkunazini miaka ya hamsini, wakati vijana hawa hata mama zao hawajazaliwa, na kuikaanga hakukunipa taabu. Taabu ilikuwa kumpata mtu wa kuila.

Jina langu Zuwena, lakini Kikwajuni yote ilinijua kwa Zuwena wa Bi Mize, kwa sababu mama yangu Bi Mize ndiye aliyekuwa na jina. Alikuwa akiuza maandazi na vitumbua mlangoni kwake, na watu walitoka mpaka Malindi kuja kununua. Mimi niliolewa, nikaachika, nikarudi kwake na furushi la nguo. Hakuniuliza neno. Alinisogezea kigoda upande wa pili wa seredani ya makaa, akanipa mwiko, basi.

Mama alikuwa na desturi moja ambayo ningependa muishike. Kila nilichopika alikionja yeye kwanza. Atachovya, atafumba macho, atasema neno moja: "Chumvi." Au, "Moto." Siku asiposema kitu, ujue umefaulu. Kwa mama yangu hizo ndizo zilikuwa sifa, na mimi nilikuwa nikizisubiri kila siku kwa moyo wa kitoto, mwanamke mzima niliyekwisha kupewa talaka.

Sasa Mtaliana. Aliitwa Bwana Renato, mtu mfupi, kichwa chote mvi, mikono mikubwa ya mtu wa kukanda unga. Alikuwa ametokea Banadir, pwani ya Somalia, na Kiswahili chake alikiokota huko njiani, kila neno peke yake. Alifungua mkahawa mdogo Mkunazini, chumba kimoja chenye meza chache zisizo vitambaa na ua nyuma. Alitaka kujenga tanuri uani, lakini mwenye nyumba, aliyekaa juu, alikataa moshi. Basi akawa anazungukazunguka mji na huzuni yake, mpaka asubuhi moja akafika mlangoni kwa mama, akanunua andazi, akalipasua, akalitazama tumbo lake lilivyo wazi, akalila lote palepale. Kisha akataka kujua nani amelikaanga. Mama akanionesha mimi kwa kidevu.

"Mama, huyu binti aje kwangu," akasema. "Kaanga."

"Akakaange nini kwako?"

"Pizza."

"Ndiyo nini?"

Akafikiri sana. "Andazi. Ndani nyanya."

"Andazi, ndani nyanya," mama akasema taratibu. "Subhanallah."

Lakini tulikuwa na shida, na mama hakuwa mtu wa kuifungia riziki mlango. Usiku wa kuamkia siku nitakayoanza alinikalisha kitako. "Nenda," akasema. "Lakini mkono huo nimeutia mimi. Ukiuharibu, umeniharibia jina, na jina ndilo nnalouza mimi hapa, si maandazi." Nikasema, "Naam, Mama." Nilidhani ni maneno tu ya wazee.

Siku ya kwanza nilitia aibu. Bwana Renato aliniambia nikande unga kwa maji, chumvi na hamira, niufunike uumuke. Akatoka kwenda sokoni Darajani. Mimi nikakanda. Mkono ukakuna nazi, mkono ukakamua tui, mkono ukatwanga iliki, mkono ukatia sukari. Sikufikiri, maana huo ndio unga ninaoujua. Aliporudi akajaza nyanya na jibini yake ya kopo, akafunga, nikakaanga, ikatoka imevimba na rangi nzuri ya shaba. Akaing'ata. Akasimama na nyanya inamchuruzika kwenye kidole, anatafuna polepole.

"Zuwena," akasema, "hii harusi ya nani?"

Nikataka kulia. Yeye akacheka mpaka akakaa chini juu ya gunia la makaa, na suruali yake ilikuwa nyeupe. Tangu siku hiyo nimewafundisha wengi na sikumkaripia mtu kwa kosa la mkono, kwa kuwa mkono hufanya ulichozoea. Kosa la mkono husahihishwa kwa mkono, kwa kurudia.

Ngojeni nikupeni ufundi wenyewe, msije mkasema bibi kapiga porojo tu. Donge lifunguliwe kwa viganja, msilisukume kwa kifimbo cha chapati, kifimbo hutoa pumzi yote iliyomo. Nyanya zichujwe maji mpaka zikauke, kwani maji na mafuta ni wake wenza. Ukikunja, lowesha ukingo kwa ncha ya kidole na ubane vizuri, maana tundu dogo tu likibaki, jibini itatoka na mafuta yatakurukia usoni. Mimi nina alama hapa chini ya jicho, na mume wangu wa pili aliipenda, lakini msiitafute. Mafuta yakishapata moto, tupa kipande kidogo cha unga: kikizama na kukaa, bado, kikipanda hapohapo na kuzungukwa na mapovu, tayari, kikiungua, umeshachelewa, epua karai. Kisha chota mafuta kwa upawa uyamwagie juu, usiigeuze haraka. Hapo ndipo inapovimba. Ukiitoa, isimamishe kwenye chujio, usiilaze ikalalia mafuta yake.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kusaidia katika jiko moja la hoteli kubwa kule Kiwengwa. Kijana mmoja alinionesha kipimo cha kutia ndani ya mafuta, kinakwambia moto ulivyo kwa tarakimu. Nilikipenda sana kipimo kile na nikamwambia angenipa zamani, ningekuwa na nyusi zangu zote. Lakini nilimwomba pia ayasikilize mafuta. Yakiwa sawa hunong'ona, yakizidi moto hupiga kelele. Tulikuwa tukishindana, yeye na kipimo, mimi na sikio, na mara nyingi tulipatana. Tukicheka tukipatana.

Narudi Mkunazini. Siku chache baada ya kisa cha iliki, Bwana Renato aliingia na kopo kubwa ambalo halijafunguliwa, uso umemng'ara. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni mafuta ya kwao, ndiyo pizza ya kukaanga inavyotaka, kayapata kwa taabu katika duka la Mgoa. Ya mnyama gani? Akanitajia.

Niliweka upawa chini, nikanawa mikono, nikachukua buibui langu. Nilikwisha kufika mlangoni alipofahamu.

"Zuwena! Ngoja! Mbaya?"

"Kwako si mbaya, Bwana Renato. Kwangu haramu. Likifunguliwa hilo, mimi sirudi, na hapa mjini hatokula mtu."

Alilitazama lile kopo kama mtu aliyeambiwa amwache ndugu yake bandarini. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Mtu amekaa mbali na kwao miaka, amepata harufu ya jikoni kwa mama yake imefungwa katika kopo. Lakini alilishika, akalitia kwapani, akatoka nalo kulirudisha kwa Mgoa. Aliporudi alikuwa na dumu la mafuta ya nazi. "Nyumba yenu," akasema. "Mimi mgeni." Na mpaka alipoondoka Unguja sikuliona tena kopo lile.

Uzuri alioufanya ndio uliotuponza. Kwenda na kurudi kwa Mgoa ni lazima apite mbele ya baraza alipokaa Mzee Haji, muuza kahawa, na baraza ile haikukosa macho. Watu waliliona kopo. Wengine walijua limebeba nini. Hakuna aliyeuliza kama linaingia au linatoka. Kabla wiki haijesha, mji mzima ukawa unajua kuwa kwa Mtaliana kunakaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na anayekaanga ni Zuwena wa Bi Mize.

Mkahawani tulibaki na mabaharia wa meli zinazopita na makarani wachache wa Kigoa. Bwana Renato alihesabu meza tupu. Mimi masaibu yangu yalikuwa nyumbani. Wateja wa mama walianza kupungua, mmoja leo, mmoja kesho, kila mmoja na udhuru wake mzuri. Mmoja tumbo, mwingine safari ya Bububu. Kisha jirani yetu Bi Nunu, aliyekula maandazi ya mama tangu mimi sijazaliwa, akayarudisha. Sahani nzima, na kawa lake la kufunikia juu, hayajaguswa hata moja. Alikuja mwenyewe, macho chini. "Mize, usinielewe vibaya," akasema. "Mwanao anatoka kule na mikono ile, anakuja kukusaidia humu. Mimi nnasali."

Mama akapokea sahani. "Ahsante, Nunu," akasema.

Jioni ile nilipika mchuzi wa papa, nikampelekea aonje kama kawaida. Akalisogeza bakuli kwa nyuma ya mkono.

"Weka hapo," akasema.

Mchuzi ukapoa. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Alikuwa akijipikia uji wake mwenyewe. Hakunigombeza, hakuninunia, aliniitikia salamu, alinitandikia kitanda. Ila chakula cha mkono wangu hakuonja. Wanangu, niliachwa na mume mbele ya ndugu zake na sikuumia vile. Nilikuwa tayari kuiacha kazi. Lakini nilijua nikiiacha ndiyo nimekiri, na jina la mama litakufa hivyohivyo.

Ikafika siku yeye mwenyewe akauliza. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso.

"Mafuta gani yale, Zuwena?"

"Ya nazi, Mama. Wallahi—"

"Usiape. Nshasikia maneno mengi, kiapo sikitaki." Akapepeta tena. "Kesho baada ya alasiri n'takuja niyaone."

Sikulala vizuri. Mama yangu hakuwahi kutia mguu mkahawani. Wanawake wa heshima wa wakati ule walikula nyumbani kwao au kwenye shughuli, wamekaa chini kwenye mkeka. Na kula njiani! Nilipokuwa mdogo nilitoka dukani natafuna ubuyu, mama akanitia konzi ambayo mpaka leo nikiona ubuyu nashika kichwa. Alikuwa akisema mwanamke anayekula njiani hana kwao.

Akaja. Buibui lake la Ijumaa, ukaya umeshushwa usoni, na nyuma yake Bi Nunu, aliyekuwa amevutwa kwa mkono, inaonesha, maana kiatu kimoja kilikuwa kinamvuka. Bwana Renato akaruka kutoka kwenye kiti chake, akainama, akasema kwa sauti kubwa, "Shikamoo, Mama!" Na yeye ndiye mkubwa kwa mama, tena kwa miaka mingi.

"Marahaba," akajibu mama, akaingia ndani moja kwa moja hadi uani.

Akaanza ukaguzi. Alifunua kila chungu na kunusa. Alifungua mitungi, akaingiza mkono nyuma ya magunia, akatazama chini ya meza. Bwana Renato alimfuata akifungua alichosahau mama kukifungua. Mwisho akafika kwenye karai. Akachota mafuta kwa upawa, akayaacha yapoe, akayapaka nyuma ya mkono, akasugua, akanusa, akampa na Bi Nunu mkono anuse. Bi Nunu akanusa, akatazama ukutani.

"Nazi," akasema Bi Nunu kwa sauti ndogo.

"Nnajua ni nazi," akasema mama. Kisha kwangu, "Kaanga."

Nikakaanga. Macho yangu yalikuwa kwa mama, na sikuubana ukingo vizuri. Jibini ikatoka, mafuta yakaruka, Bi Nunu akapiga yowe.

"Ondoka," akasema mama.

Akakunja mikono ya buibui, akakaa kwenye kigoda changu. Akapunguza makaa. Akachukua donge, akalionja likiwa bichi, akakunja uso. "Unga bubu huu," akasema. "Hauna tui, hauna iliki." Bwana Renato akanitazama, nikamtazama, hakuna aliyethubutu kucheka. Mama akafungua donge kwa viganja, akatia nyanya na jibini, akaukunja ukingo kwa msuko mdogo mdogo kama wa sambusa za Ramadhani. Mimi sikuwahi kufikiria kuukunja hivyo, na Mtaliana mwenyewe alisogea karibu kutazama vidole. Akakaanga, akamwagia juu kwa upawa, ikavimba. Akaisimamisha kwenye chujio mpaka ikatulia.

Nilijua atakachofanya. Ataifunga katika karatasi, atakwenda nayo nyumbani, labda ataionja, labda hataionja. Nikatafuta karatasi.

Mama akaipokea ile karatasi, akaishikia pizza yake, akapita katikati ya meza, akatoka nje. Akasimama kwenye kizingiti, njia nzima mbele yake. Watu walikuwa wanatoka darsani msikitini. Baraza ilikuwa imejaa, Mzee Haji na vikombe vyake katikati. Mama akainua ukaya. Akasema, "Bismillahi," kwa sauti ya kumfikia mwenye nyumba juu. Akala.

Akala amesimama. Njiani. Bi Mize wa Kikwajuni! Jibini ikavutika kutoka mdomoni mpaka kwenye karatasi, ikawa ndefu, ikakataa kukatika, na wanaume wote wanatazama. Angeweza kugeukia ukuta. Hakugeuka. Aliikata kwa vidole, akaila na hiyo, akaendelea kutafuna taratibu kama yuko peke yake duniani. Nilikuwa nyuma yake mlangoni, machozi yananitoka, na nilimshukuru Mungu kuwa hageuki kuniona.

Alipomaliza akafuta mdomo, akateremsha ukaya. Mzee Haji akaweka kikombe chini. "Bi Mize," akasema, "imebaki?"

"Muulize mwenye kazi yake," akasema mama. "Mimi nakwenda kwangu."

Eti imebaki! Jioni ile tuliumaliza unga wote. Mwanzo walikuja kwa udadisi, baadaye kwa njaa, na baadhi yao mpaka mwisho walikuwa wanatoa jibini na kuiweka pembeni kama mwiba wa samaki. Bwana Renato alikaa nasi miaka kadhaa mpaka macho yalipomharibikia, ndugu zake wakamwita kwao. Siku ya kuondoka alikuja Kikwajuni kuaga, akamwambia mama shikamoo kama kawaida yake. Na ule msuko wa ukingo nimeufundisha kila jiko nililopita. Ukiuona mahali, ni wa Bi Mize.

Lakini siku ile mama hakuningojea. Nilifunga kazi nikamkimbilia, nikamkuta anakaribia Darajani, maana alikuwa amepitia kwa watu kusali magharibi, Bi Nunu keshatangulia. Tukaenda pamoja.

"Usije ukaniiga," akasema ghafla. "Mwanamke hali njiani."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi sikula," akasema. "Nimeonja."

Nikangoja. Nilijua kuna neno moja litafuata, chumvi, au moto, au ule unga bubu. Tulivuka Darajani, tukapita sokoni, tukafika Kikwajuni, akasukuma mlango, akavua buibui, akakaa mahali pake mkekani. Hakusema kitu.